Kitambaa Kisichochuja

Mkataji wa karakana ya sare aliitwa Rula, na jina hilo alilipenda. Waliompa walikusudia kumsema, maana alikuwa mrefu, mkavu, asiyepindika, na huwezi kukaa naye dakika mbili kabla hajakuonyesha umepungua wapi. Yeye alilipokea kama cheo. Kwa miaka kumi na mitatu alikuwa amesimama mbele ya meza iliyochukua urefu wote wa chumba, akitandaza kitambaa tabaka juu ya tabaka, akichora kwa chaki na kukata kwa kisu cha umeme, na katika miaka yote hiyo hakuharibu hata jora moja. Wenzake waliharibu. Angeweza kukutajia ni nani, lini, na mita ngapi.

Kwa hiyo alipopata mimba ya kwanza akiwa na miaka thelathini na sita, baada ya watu wasiohusika kumkatia tamaa kwa niaba yake, aliichukulia kama kazi nyingine iliyotaka mambo mawili tu: vipimo sahihi, na watu wachache wa kuitolea maoni. Vipimo alivipata kliniki, kwenye karatasi ya kurasa nne. Watu wachache ndio hakuwapata.

Mwanamke mwenye mimba ya kwanza, popote utakapomkuta, kwenye foleni ya benki au kwenye ngazi za ofisi ya serikali, hugeuka mali ya umma. Watu ambao jana hawakuthubutu kumuuliza saa, leo wanamshika tumbo na kumtajia tarehe. Rula alikuwa na dharau ya kumtosha kila mmoja wao, na nyingine ya akiba.

Mama mkwe wake alimwambia kwamba akijiona anafagia na kupangua makabati bila sababu, ajue siku zimekaribia. Rula alikuwa anafagia na kupangua makabati tangu akiwa msichana. "Basi nimekuwa nikijifungua kila Jumamosi, mama," alimjibu, na mama mkwe akanyamaza kwa siku mbili, jambo ambalo Rula alilihesabu kuwa faida.

Mumewe, fundi wa majokofu, alikuwa mtu mwema. Kwa Rula, wema lilikuwa jina jingine la kutojua la kufanya. Alikuwa ameweka kwenye simu yake kitu kinachohesabu wiki na kumfananisha mtoto na matunda.

"Mke wangu, leo mtoto ni boga."

"Wiki iliyopita alikuwa nini?"

"Nanasi."

"Mwambie huyo aliyeandika akalime."

Lakini aliyemchosha kuliko wote alikaa hatua tano kutoka meza yake, kwenye cherehani ya kwanza. Mama Pacha alikuwa amezaa watoto wawili kwa siku moja, na tangu siku hiyo hajanyamaza. Alishona mifuko kwa kasi ya kutisha huku mdomo ukienda kasi ileile, na Rula aliamini kwamba siku vitu hivyo viwili vitakapotengana, kimoja kitasimama. Alikuwa akiweka dau kimoyomoyo kwamba hicho hakitakuwa mdomo.

"Rula, tumbo limeshuka," Mama Pacha alisema asubuhi moja, wiki mbili kabla ya tarehe ya kliniki.

"Limeshuka liende wapi?"

"Cheka tu. Unapumua vizuri siku hizi, sivyo? Na chooni unakwenda kila baada ya kola moja. Kichwa cha mtoto kimekaa chini, kimekalia kibofu. Si kesho wala keshokutwa, wa kwanza anaweza kukaa hivyo wiki nzima na zaidi, lakini ameshaanza safari."

Ilikuwa kweli. Kifua kilikuwa kimefunguka tangu Ijumaa, na kwa upande wa choo, alikuwa ameanza kukijua kila kigae kilichopasuka mle ndani. Ndicho kilichomuudhi. Alisonya, akarudi kwenye chaki yake.

Siku tano baadaye aliaibika. Alipata mikazo akiwa nyumbani, tumbo likijikaza kama ngoma kisha likilegea, na kabla hajaamua ni nini, mama mkwe alikuwa ameshamwita jirani mwenye gari. Hospitalini mkunga, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ukitembea, inazidi au inapungua?"

"Inapungua."

"Muda kati ya mmoja na mwingine unafupika?"

"Mara dakika kumi, mara nusu saa."

"Basi mwili unafanya mazoezi, mama. Nenda nyumbani. Uchungu wenyewe ukija, utakuja kwa zamu, utazidi kila zamu, na hutapata nafasi ya kunisimulia vizuri namna hii."

Wanawake kwenye benchi walicheka. Mama mkwe, aliyemburuta mpaka pale, alicheka kuliko wote. Mkunga aliendelea kusema jambo kuhusu ute, na jambo jingine kuhusu maji, kwamba yakitoka hata kidogo asikae kusubiri, lakini Rula alikuwa ameshafika mlangoni, masikio yakimwaka moto. Alijiapia kwamba hatarudi kuchekwa. Mguu wake hautakanyaga pale mpaka dalili zikamilike, moja baada ya nyingine.

Na hapo ndipo ufundi wake ulipomponza. Karatasi ya kliniki ilikuwa imeorodhesha dalili kwa namba. Namba moja, tumbo kushuka. Namba mbili, ute mzito wenye michirizi ya damu. Namba tatu, uchungu unaokuja kwa mpangilio na kuzidi nguvu. Namba nne, kupasuka kwa chupa ya maji. Mtu wa kawaida angeona orodha. Rula aliona karatasi ya kazi, kama ile inayobandikwa ukutani kila oda mpya inapoingia: namba moja unaunga mabega, namba mbili unatia kola, namba tatu mikono, namba nne ubavu. Hakuna mwenye akili anayetia kola kabla ya kuunga mabega. Chini ya orodha kulikuwa na mstari mdogo uliosema kwamba dalili hizi zinaweza kuja kwa utaratibu wowote. Rula hakuusoma. Maandishi madogo chini ya karatasi, kwa uzoefu wake, huandikwa na watu wasioshika mkasi.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya kazi. Walikuwa wameletewa oda ya sare za kijani za wafanyakazi wa usafi, na jora la kwanza lilikuwa limetandazwa mezani. Tangu mimba ilipofika mwezi wa nane Rula alikuwa anakaa kwenye kiti kirefu, na juu yake aliweka mto alioukunja mwenyewe kutokana na mabaki ya kitambaa cheupe. Saa moja na nusu aliinama kuvuta ukingo wa kitambaa, akahisi amelowa. Kidogo tu, kama kijiko cha maji ya uvuguvugu.

Alibana. Hayakukoma. Akabana tena, kwa hasira sasa, na kijiko cha pili kikafuata cha kwanza bila kumjali.

Mtu mwingine angejiuliza kwa nini mkojo haubaniki. Rula alihitimisha kwamba kibofu chake kimekosa adabu. Alikwenda chooni, akabadilisha, akarudi. Namba mbili alikuwa hajaiona. Namba tatu hajaisikia. Namba nne haikuwa na nafasi ya kuingia. Saa mbili na nusu alibadilisha tena. Hakumwambia mtu. Afe kwanza, kuliko kumpa Mama Pacha habari kwamba mkataji mkuu anajikojolea juu ya kazi.

Saa tatu na nusu alibadilisha kwa mara ya tatu, na aliporudi aliutazama mto wake kwa mara ya kwanza. Ulikuwa na doa. Si la mkojo. Lilikuwa la kijani kibichi kilichofifia, kikielekea kwenye rangi ya tope.

Moyo wake ukatulia papo hapo. Kijani! Mbele yake kulikuwa na mita mia moja za kijani. Kitambaa kinachuja, na ili kitambaa kichuje lazima kilowe, na katika chumba kile maji yalikuwa na mwenyewe. Nyuma ya kiti chake kulikuwa na meza ya mpiga pasi, na mpira wa pasi yake ya mvuke ulining'inia karibu na bega lake. Kwa hiyo hakujikojolea kabisa. Amelowanishwa.

Kupata mtu wa kulaumu ni raha inayofanana kila nchi na kila lugha, na Rula aliifaidi yote. Mpiga pasi alikuwa mwanamume mfupi wa miaka hamsini na ushei, baba wa watoto watano, asiyesema zaidi ya maneno kumi kwa siku. Rula alimdharau kwa namna ya pekee. Mtu aliyetumia miaka ishirini kunyoosha vitu vilivyotengenezwa na wengine, na bado anatoka jasho!

Alimtupia mto mezani.

"Mzee, pasi yako inavuja."

Mpiga pasi aliutazama mto, kisha pasi. "Haivuji, dada."

"Haivuji? Na hiki ni nini? Maji yako yamelowesha kitambaa changu, rangi imechuja, na mimi nimelowa mpaka mgongoni tangu asubuhi. Jora zima hili litarudishwa, na kosa nitabebeshwa mimi, kwa sababu wewe huna jipya unalolijua zaidi ya kusukuma chuma mbele na nyuma!"

Cherehani zilinyamaza moja baada ya nyingine. Hata ya Mama Pacha. Mpiga pasi alifuta jasho. Alikuwa ametukanwa yeye mara nyingi na hilo halikumsumbua, lakini leo ilikuwa imetukanwa pasi. Alichukua kipande cha kitambaa cha kijani kilichoanguka chini ya meza, akakilowesha kwenye ndoo mpaka kikadondosha. Akakitandika. Juu yake akaweka kitambaa cheupe kikavu. Akateremsha pasi, akaikandamiza kwa uzito wake wote, mvuke ukampanda usoni, akahesabu kimyakimya. Kisha akakifunua kile cheupe na kukiinua juu kwa ncha mbili za vidole ili chumba kizima kione.

Kilikuwa cheupe kama kilivyotoka dukani.

Alirudia mara ya pili, na kipande kingine. Cheupe.

"Hakichuji," alisema. Halafu, kwa kuwa siku hiyo alikuwa hajatumia maneno yake, akaongeza, "Na maji ya pasi yangu hayana rangi. Haya ya kwako yanayo."

Mtu mmoja nyuma aliguna kwa kicheko. "Rula leo kakatwa!"

Rula alifungua mdomo kumjibu, lakini Mama Pacha alikuwa ameshainuka. Hakuwa akicheka. Aliukaribia ule mto, akaugeuza, akaunusa bila haya, na aliposema tena, sauti yake ilikuwa fupi kuliko Rula alivyowahi kuisikia.

"Yameanza saa ngapi?"

"Nini?"

"Usinijibu kijeuri. Maji. Saa ngapi?"

"Nimeshasema ni..."

"Si pasi. Umeona mwenyewe si pasi. Mtoto amecheza leo?"

Rula aliweka mkono juu ya tumbo. Tangu alfajiri alikuwa amefurahia utulivu. Kila siku mtoto alimpiga mateke ya mbavu saa ya chai, na leo chai ilipita kimya, naye akashukuru.

"Sina uchungu," alisema. "Ute sijauona. Maji ni namba nne."

"Namba nne ya nini?"

"Ya karatasi. Ya kliniki."

"Mwanangu," Mama Pacha alisema, ingawa walikuwa wa umri mmoja, "mtoto wako hajasoma karatasi. Maji yanaweza kutangulia. Yanaweza kutoka kama ndoo iliyomwagwa, au yakadondoka hivi hivi kutwa nzima, na ukibana hayakomi kwa sababu si mkojo. Hayo peke yake yanatosha kukupeleka hospitali. Na yakiwa ya kijani, mtoto amejisaidia humo ndani. Wa pili wangu alifanya hivyohivyo. Vaa viatu."

"Nikifika watanicheka tena."

"Wakikucheka utakuwa umefika. Vaa viatu!"

Mpiga pasi alikuwa ameshautia mto kwenye mfuko wa plastiki. Alimkabidhi Mama Pacha, si Rula. "Wapelekeeni wauone," alisema. "Watauliza rangi." Akarudi kwenye meza yake, akainua pasi, na akaitazama chini yake, pengine kwa ajili ya uhakika tu.

Ndani ya teksi uchungu wa kwanza wa kweli ulimjia. Ulianzia mgongoni, ukazunguka mpaka mbele, na Rula aliyekuwa akitafuta neno la kumchoma dereva kwa namna alivyokata kona, hakulipata neno. Ulipoachia alitazama saa. Baada ya dakika nane ukarudi. Mama Pacha alimshika mkono, na Rula hakuutoa, ila aliutazama mkono ule kama kitu kilichosahauliwa na abiria mwingine.

Mumewe, aliyepigiwa simu na Mama Pacha, walimkuta mlangoni pa hospitali, ametoka mbio kazini, bisibisi bado mfukoni. "Nifanye nini?" aliuliza. Lilikuwa swali lake la siku zote. Mama Pacha akampa mfuko aushike.

Mkunga alikuwa yuleyule, na plasta ileile kwenye miwani. Benchi lilikuwa limejaa wanawake wengine, lakini kwa Rula nyuso zilikuwa zilezile.

"Wewe umerudi," mkunga alisema, akautoa mto kwenye mfuko, akausogeza dirishani. Uso wake ulibadilika kidogo, kama mtu aliyekunja ukurasa. "Haya. Maji haya yameanza saa ngapi?"

Hakuna aliyejua jibu isipokuwa Rula. Angeweza kusema saa nne. Saa nne ilikuwa saa ya heshima: mwanamke ameona maji, amefunga virago, amekuja. Saa moja na nusu ilikuwa ya mtu aliyekaa juu ya hatari asubuhi nzima akiibadilishia nguo. Mumewe alikuwa anamtazama. Benchi zima lilikuwa linamtazama, likisubiri kitu cha kwenda kusimulia nyumbani.

"Si muda mrefu," alisema.

"Muda mrefu ni wangu kuamua," mkunga alisema bila kuinua sauti. "Mimi nataka saa. Kwa saa hiyo nitajua kama nakuacha utembee ukumbini, au namwita daktari sasa hivi aache chakula chake. Ukinidanganya, sidanganyiki mimi peke yangu."

Uchungu mwingine ulimpanda Rula. Alishika ukingo wa meza ya mkunga kwa mikono yote miwili mpaka ulipopita, na ulipopita alisema kwa sauti kubwa, kwa dharau kamili, kama mtu anayesoma makosa ya mfanyakazi mzembe mbele ya wenzake:

"Saa moja na nusu. Nilidhani nimejikojolea. Nikabana, hayakukoma, nikabana tena. Nimebadilisha mara tatu nikijificha chooni. Halafu nikamsingizia mpiga pasi. Mtoto hajacheza tangu alfajiri, na mimi nikafurahi kwamba ametulia."

Benchi halikucheka. Au lilicheka, hakulisikiliza.

Mkunga aliandika saa ile, akapiga mstari chini yake. Dakika hiyohiyo Rula alikuwa kitandani, na kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto kikitembezwa juu ya tumbo lake. Kwanza kulikuwa na mkwaruzo tu. Kisha moyo ukasikika, ukienda mbio. Uchungu ulipokuja, moyo ukapungua kasi, ukapungua tena, na uchungu ulipoachia, haukurudi upesi kama ulivyotakiwa. Mkunga alisikiliza vipindi viwili. Hakusema neno la kumtuliza, na Rula alimheshimu kwa hilo.

"Mwite daktari," mkunga alimwambia nesi. Kisha kwa Rula, "Mlango wa kizazi umefunguka kidogo sana. Uchungu wako ndio kwanza unaanza, na mtoto hana muda wa kuungoja. Tutakupasua."

"Nani anakata?" Rula aliuliza.

"Daktari."

"Amewahi kuharibu?"

Mkunga alimtazama juu ya miwani, na kwa mara ya kwanza kona ya mdomo wake ikasogea. "Utamuuliza mwenyewe."

Hakumuuliza. Walimpiga sindano ya mgongo, nusu yake ya chini ikatoweka, na pazia la kijani likawekwa kati ya uso wake na kazi. Alilala akitazama kile kijani na kusikiliza vyuma. Alihisi kuvutwa, bila maumivu, kama mtu anayetolewa kitu mfukoni. Katika maisha yake yote alikuwa hajawahi kulala huku kazi ikifanyika bila yeye kuikagua. Alitaka kuamini kwamba daktari yule ni mjinga, kwa sababu wajinga alikuwa amewazoea, na hakuweza. Alitaka awe hodari kuliko mtu yeyote aliyewahi kushika kisu.

"Ametoka," mtu alisema.

Kisha hakuna kilichofuata.

Alisikia hatua za haraka kuelekea kona ya chumba. Alisikia mpira mwembamba ukifyonza, ukakoma, ukafyonza tena. Alisikia sauti ya mkunga ikisema, "Msugue mgongo. Msugue." Rula alifungua mdomo ili aulize, akaona hana swali. Maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa ya kukata watu, na hapakuwa na wa kukatwa. Alihesabu. Alifika kumi na tisa.

Sauti iliyotoka kwenye kona ile haikuwa ya kuomba wala ya kuogopa. Ilianza kwa kikohozi kizito, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kulaani baraza, kisha ikapanda, ikakwaruza, ikajaza chumba: kilio cha mtu aliyetazama taa, vyuma, barakoa, na watu wote waliosimama pale, asione hata kimoja kilichofanywa vizuri.

Mkunga alimleta karibu na uso wa Rula, amefungwa taulo, uso umekunjwa, ngumi juu, bado akiwapigia kelele wote.

"Msichana," alisema. "Tutakaa naye kwanza tumwangalie mapafu. Lakini huyu, mama, ana dharau."

"Mwache," Rula alisema, machozi yakimwingia masikioni. "Mwache aseme yote."